Kifo Kirefu cha Pimbi

Hodi, hodi, nimekuja na hadithi!

— Ikaribishe!

Ni ya uongo mtupu!

— Ndiyo tunayoitaka!

Na mwenye usingizi?

— Akalale kwao!

Haya basi. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzio, mimi sianzi mara mbili.

Palikuwa na nchi ya wanyama, na katika nchi hiyo palikuwa na jiwe kubwa, tambarare kwa juu. Jiwe hilo ndilo lilikuwa jukwaa lao. Kila Ijumaa alasiri palichezwa hapo mchezo wa kuimba mwanzo mpaka mwisho. Hakuna kuongea. Mtu akitaka maji ya kunywa, anaimba. Akipewa maji, anaimba kushukuru. Akichomwa kisu, hapo sasa ndiyo anaimba kwelikweli! Wenyewe waliuita opera. Na kila Jumamosi, kima walitundika shuka jeupe kati ya miti miwili, wakacheza nyuma yake, na jua likatupa vivuli vyao juu ya shuka. Hiyo ndiyo ilikuwa filamu yao. Humo waliongea kama tunavyoongea mimi na nyinyi, kisha ghafla, bila sababu, ngoma inalia na wote wanacheza hatua moja. Polisi anacheza, mwizi anacheza, hata mpita njia aliyekuwa anakwenda zake sokoni anacheza.

Sasa, chini ya lile jiwe aliishi Pimbi na mkewe Siwatu. Mnamjua pimbi? Kanyama kadogo, kanene, hakana mkia, ungedhani ni sungura aliyekatwa masikio. Pimbi alipenda filamu. Siwatu alipenda opera. Na kila wiki walizozana.

"Mtu kachomwa kisu," Pimbi husema, "badala ya kutafuta mganga anaimba nusu saa! Halafu anaanguka. Halafu anainuka tena, kumbe alisahau kumuaga shangazi yake!"

"Ndiyo utamu wake," Siwatu husema. "Na hao wenu? Wako msibani, mara wanarukaruka, na nguo zimekuwa nyingine. Nani kazileta hizo nguo?"

"Ndiyo utamu wake," Pimbi husema.

Hapo kila mmoja hugeukia ukuta wake. Asubuhi wanakunywa uji pamoja. Ugomvi wao haukumuua mtu.

Aliyeua watu alikuwa Chui.

Siku moja Chui alijifunga kitambaa cha hariri shingoni, akapanda juu ya jiwe, akakohoa, akasema, "Kuanzia leo mimi ndiye Mkuu wa Ladha. Nitawauliza mmoja mmoja mnapenda nini. Mwenye ladha nzuri ataishi. Mwenye ladha mbaya nitampeleka nyuma ya jiwe, nikamfundishe."

Akamuuliza Swala, "Swala, unapenda nini?"

"Napenda opera, bwana mkubwa."

"Opera! Na mimi napenda filamu! Twende nyuma ya jiwe."

Kacha, kacha, kacha. Swala hakurudi.

Akamuuliza Digidigi, "Digidigi, unapenda nini?"

"Napenda filamu, bwana mkubwa." Alikuwa amesikia habari za Swala, maskini.

"Filamu! Na mimi napenda opera! Twende nyuma ya jiwe."

Kacha, kacha, kacha. Digidigi hakurudi.

Kanga akasema anapenda vyote viwili. "Huna msimamo! Twende nyuma ya jiwe." Kacha, kacha. Sungura naye akajiona mjanja, akasema yeye hapendi hiki wala kile. "Huna utamaduni! Twende nyuma ya jiwe." Kacha, kacha, kacha. Ndiyo, Sungura huyo huyo mnayemjua. Mlidhani hadithi hii ni yake?

Ladha ya Chui ilikaa tumboni, si masikioni. Na jambo jingine nawaambia, maana linaniudhi mpaka leo: Nyati hakuulizwa. Tembo hakuulizwa. Mwenye pembe za kichwani na mwenye pembe za mdomoni walikaa pale pale kila siku, na hakuna aliyewauliza wanapenda wimbo gani. Walipoambiwa wenzao wanakwisha, walisema, "Aa, mambo ya nyimbo hayo, sisi hayatuhusu," wakaendelea kutafuna majani.

Ikafika Ijumaa moja. Opera imekwisha, watu wanajinyoosha, Pimbi ndiyo kwanza anaamka, maana kwenye opera alikuwa halali tu, anakoroma kabisa. Mara, paa! Mguu mzito ukamkandamiza mgongoni.

"Pimbi," akasema Chui, "unapenda nini?"

Pimbi akawaza. Akitaka kusema opera, anamkumbuka Swala. Akitaka kusema filamu, anamkumbuka Digidigi. Akisema vyote, Kanga. Akikana vyote, Sungura. Akaona njia zote nne zinakwenda nyuma ya jiwe.

"Bwana mkubwa," akasema, "kwanza niambie wewe. Leo unapenda nini?"

Chui akajipapasa tumbo. "Leo napenda opera."

"Basi mimi napenda filamu, nimekosa, nastahili kuliwa. Siombi msamaha. Lakini wewe, mpenzi wa opera, utamlaje mtu ambaye hajaimba wimbo wake wa kufa? Hivyo hula washamba."

"Kweli kabisa!" ikatoka sauti katikati ya watu. Ilikuwa ya Siwatu. "Kwenye opera hakuna kufa kimyakimya!"

Chui akatazama huku, akatazama kule. Wanyama wote wanamtazama yeye na kitambaa chake.

"Najua sana," akasema. "Nilikuwa naelekea kusema hivyo hivyo. Panda jiweni uimbe. Lakini iwe fupi."

"Fupi!" akasema Siwatu. "Jamani, Mkuu wa Ladha anataka opera fupi!"

Watu wakaguna. Mmmh!

"Nimesema ndefu," akasema Chui. "Hamsikii?"

Pimbi akapanda jiweni, na Chui akakaa karibu yake, mate yanamdondoka, tii, tii, tii. Sasa tazama balaa. Pimbi hakujua kuimba opera hata chembe. Miaka saba alikwenda kila Ijumaa, na miaka saba alilala. Akafungua mdomo, ikatoka "Ooo," basi. Akamtafuta mkewe kwa macho.

Siwatu alikuwa ameshasogea mpaka ukingo wa jiwe. Alikuwa anaogopa, siwafichi. Mume huyu alikoroma kwenye kila wimbo alioupenda yeye, lakini ndiye mume wake, na hakutaka mwingine.

"Shika kifua," akanong'ona. "Yumba. Sema unakufa, na usiseme mara moja."

Pimbi akashika kifua, akayumba.

*Ninakufa eee, ninakufa,*
*ndugu zangu eee, ninakufa,*
*nasema ninakufa, ninakufa!*

Akaanguka, puu!

"Umekufa?" akauliza Chui.

"Bado, bwana mkubwa. Hilo ni tendo la kwanza."

"Inuka," akanong'ona Siwatu. "Waage jamaa zako kwa majina. Kila anayeagwa lazima apande aitikie. Anza na wenye miili."

Pimbi akainuka.

*Kwaheri eee, kwaheri,*
*mjomba Nyati, kwaheri!*

Nyati alikuwa pembeni anatafuna. Akasimamisha taya. "Mimi? Mjomba wake tangu lini?"

"Umeitwa, panda," akasema Siwatu. "Mtu anakufa, unaitwa kwa jina, wewe unatafuna?"

Nyati akaona haya. Huwezi kuitwa msibani kwa jina ukabaki na majani mdomoni. Akatema majani, akapanda jiweni, du, du, du. "Niseme nini?"

"Sema oleee."

"Oleee," akasema Nyati, na sauti yake ikatetemesha mawe. Akashangaa mwenyewe. Akasema tena, "Oleee!"

*Kwaheri eee, kwaheri,*
*shangazi Tembo, kwaheri!*

"Maskini mtoto wa kaka yangu!" akasema Tembo, maana yeye hulia upesi, hata kama kaka hana. Akapanda na dada zake watatu, du, du, du, du. "Oleee!"

Akaagwa Kifaru, akapanda. Akaagwa Kiboko, akapanda na maji yake yanachuruzika. Jiwe likajaa mabega na matako. Chui akasukumwa kidogo, akasogea. Akasukumwa tena, akakunja mkia. Mwishowe alibaki amejibana katikati ya miguu minene, anachungulia.

"Umekufa?" akauliza.

"Bado, bwana mkubwa. Hilo ni tendo la pili."

"Mimi nina njaa!"

"Shhh!" wakasema watu. Walikuwa wameanza kuipenda.

Pimbi akamtazama mkewe apewe la tatu. Siwatu akafuta machozi.

"Mume wangu," akanong'ona, "nyimbo zimekwisha. Hapa kwenye opera unakufa tu."

Chui akalamba midomo, akanyoosha shingo katikati ya miguu ya Tembo, akafungua mdomo, haaa.

Pimbi akatazama jukwaa. Wote wamekusanyika. Wote wanalia. Wamesimama bega kwa bega. Jamani, hilo alikuwa ameliona mara ngapi pale kwenye shuka la kima! Opera hakuijua, lakini hapa sasa alijua kinachofuata kuliko mtu yeyote.

"Kima!" akapiga kelele. "Ngoma!"

Kima walikuwa wamekaa na ngoma zao za kesho mapajani. Hawakuuliza kwa nini. Du-du-ka! Du-du-ka!

"Simamisheni!" akanguruma Chui. "Hiyo si opera, hiyo ni filamu!"

"Lakini bwana mkubwa," akasema Pimbi, "Swala si ulimla kwa sababu unapenda filamu?"

"Ndiyooo!" wakaitika watu wote.

Du-du-ka! Nyati akatikisa bega. Hakufundishwa. Tembo akatikisa bega. Hakufundishwa. Kifaru akatikisa bega, Kiboko akatikisa vyote. Kisha miguu ikaingia.

Mguu wa kulia, puu! Juu ya mkia wa Chui.

"Samahani," akasema Nyati.

Mguu wa kushoto, puu! Juu ya vidole vya Chui.

"Pole baba, sikukuona," akasema Tembo.

Geuka! Puu, puu, puu! Chui sasa alikuwa anaimba yeye. Sauti yake ilipanda juu, nyembamba, ndefu, haikatiki, na Siwatu mwenyewe alikiri hajapata kusikia opera nzuri namna ile. Chui akachomoka chini ya tumbo la Kiboko, mkia umekuwa bapa, kitambaa kimebaki jiweni, akakimbia mbio, pita pale, pita kule, akavuka mto, akavuka kilima, mpaka leo hajarudi kuuliza mtu anapenda nini.

Ngoma ikanyamaza. Watu wakashusha pumzi, hooo! Waliokuwa wamejificha mashimoni tangu siku ya Swala wakatoka, wakakaa juani.

Pimbi alikuwa amelala chali juu ya jiwe. Siwatu akamkimbilia, akamtikisa. "Inuka! Mchezo umekwisha! Inuka, mume wangu!"

"Siwezi," akasema Pimbi. "Miguu imegoma." Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na Siwatu akakaa chini akamshika mkono, naye akalia na kucheka. Walikaa hivyo muda mrefu, wanashukuru tu, hawana la zaidi.

Baadaye Siwatu akauliza, "Haya sema kweli. Umeionaje opera?"

"Ndefu," akasema Pimbi. "Wewe umeionaje ngoma yetu?"

"Kelele tupu," akasema Siwatu.

Wakashuka nyumbani kunywa uji.

Hadithi yangu imemaliza kazi yake!

— Iende salama!

Ikipita kwenu?

— Tutaifungulia!

Na sasa funzo, maana najua mama zenu watawauliza. Funzo ni hili: ladha nzuri ni ya mwenye makucha. Mkubwa akikuuliza unapenda nini, mjibu upesi, usijifanye mjanja. Jirani yako akiliwa, usisumbue watu wenye pembe, hayawahusu. Na mume na mke wakae na wimbo mmoja tu, wakipenda nyimbo mbili nyumba itaingiwa na hatari. Nawaambia mimi ninayejua. Mume wangu anapenda opera, mimi napenda filamu, tumezozana miaka thelathini na minne, na mtu na akili zake atamwambia nini chui akija mlangoni akakuta ndani kila mtu anaimba wake?

Ndiyo maana chui haji.