Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Lugendo

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na mlango.

Ukafungwa na nani?

Na aliyechelewa. Haya, sogeeni. Anayetaka kucheka akachekee kwao, leo sina la kuchekesha.

Hapo zamani, zamani sana, katika nchi ya milima, waliishi Lugendo na mkewe Nyamizi. Vita vikaja, Lugendo akaitwa.

Watu wa huko walikuwa na desturi zao. Mume akienda vitani, mkewe humnyoa ndevu mlangoni, naye hanyoi tena mpaka arudi. Kwa urefu wa ndevu hujua amekaa muda gani. Na mvua tatu, ndiyo miaka mitatu, zikipita hajarudi, ndugu hukata mgomba, huuvika sanda, huuzika kwa jina lake. Aliyezikwa hivyo, hata akija kwa miguu yake, haambiwi karibu. Atakayemkaribisha amekaribisha kifo.

Nyamizi alikuwa mjamzito. Akamnyoa mumewe, akamwambia, "Rudi kabla ya mgomba."

"Nitarudi kabla ya mgomba."

Vita vikaisha upesi, hata ndevu hazijaanza kuota. Lugendo akashika njia ya kwao, akavuka mto, njaa inamuuma. Ng'ambo akamkuta mwanamke anapika. Hakuwa mtu, alikuwa pepo, lakini mzuri, sisemi uongo.

"Kaa ule, mgeni."

"Nakwenda kwangu."

"Kula kwanza. Kwako hakuhami."

Akala, akashiba, akalala.

Asubuhi ndege hondohondo akalia mtini, "Lugendo we! Mvua moja imepita!"

Lugendo akajishika kidevu. Laini! "Ndege mwongo huyu. Nimelala usiku mmoja tu." Maskini, hakujua kwamba kwa pepo ndevu hazioti.

Akainuka aende. "Nakwenda kwangu."

"Koga kwanza. Kwako hakuhami."

Akaoga, akapakwa mafuta, akala, akalala.

Hondohondo akalia, "Lugendo we! Mvua mbili zimepita!"

Akajishika kidevu. Laini! "Mwongo huyu."

Akainuka. "Nakwenda kwangu."

"Kaa nami, hutazeeka wala hutakufa."

"Nataka kuzeeka na Nyamizi," akasema, na machozi yakamtoka. Alimpenda mkewe, jamani, msimdhanie vibaya. Lakini chungu kilikuwa kinanukia.

"Basi kula kwanza," pepo akasema.

Akala, akalala.

Hondohondo akalia, "Lugendo we! Mgomba unakatwa!"

Safari hii Lugendo hakungoja. Akakimbia, akaingia mtoni. Alipokanyaga ng'ambo ya pili, ndevu zikachomoza zote kwa pamoja, zikashuka mpaka kifuani. Akapiga yowe, akazidi kukimbia.

Alifika jua la mchana. Nyuma ya nyumba palikuwa na kaburi, udongo wake bado mbichi. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi, Nyamizi! Ni mimi!"

Nyamizi aliijua sauti. Akauegemea mlango kwa ndani, analia. "Nimekuzika leo asubuhi. Niliwasihi ndugu zako wangoje, wakakataa. Niambie, ulifungwa?"

"Sikufungwa."

"Uliugua?"

"Sikuugua."

"Mvua zote tatu ulikuwa ukifanya nini?"

Lugendo akainama. "Nilikuwa nakula."

Nyamizi akauacha mlango. Kisha sauti ndogo ikauliza, "Mama, ni nani?"

"Ni mpita njia, mwanangu. Ana njaa."

Dirisha likafunguka kidogo, ukatoka mkono wa Nyamizi na bakuli la chakula cha matanga. Dirisha likafungwa.

Lugendo akalishika bakuli lile. Hicho hakuweza kukila.

Ngano yangu imefika mlangoni, haina ruhusa ya kuingia. Mliosikia, shikeni hili: kutamani nyumbani si kurudi nyumbani. Na wewe uliyeacha chungu motoni ukaja kunisikiliza "kidogo tu", husikii harufu? Kimbia!