Fisi Apinga Ndege wa Kupe

Miaka miwili mvua ilikataa kunyesha katika mbuga ya Lukwale, na nyasi zilipokwisha, kupe wakaja. Walijaa masikioni, kwapani na chini ya mkia. Mnyama aliyeumwa nao alishikwa na homa, akatetemeka siku chache, akaanguka.

Dawa ilikuwepo. Ndege walao kupe, wenye midomo myekundu, walikuwa wakiishi migongoni mwa wakubwa: Kifaru, Nyati na Twiga. Wakubwa hao hawakuugua. Swala, Ngiri na Digidigi hawakuwa na ndege hata mmoja, kwa hiyo homa iliwamaliza wao.

Swala alipofiwa na mtoto wa pili, alikwenda kwa mfalme Simba akalia mbele yake mpaka sauti ikamkauka. Simba alikuwa na majivuno, na hakupenda kuitwa mfalme wa mizoga. Akamwita Sungura.

"Nitafutie njia," alinguruma. "Na isijulikane kwamba wazo ni lako."

Sungura hakuhitaji hata kukaa chini. "Mtukufu, ndege ni wengi kuliko migongo wanayoikalia. Kila asubuhi waje ukingoni mwa mto mkavu. Mwenye kupe apange foleni, awe mkubwa au mdogo. Jioni ndege warudi kwao."

"Wazo langu zuri sana," alisema Simba, akaitisha baraza.

Kifaru ndiye aliyekuwa wa kwanza kupinga, na alipinga kwa moyo safi. "Ndege hawa walikaa kwa babu yangu, wakakaa kwa baba yangu," alisema. "Hawakuletwa na mfalme yeyote. Leo serikali ikiweka mkono mgongoni kwangu, kesho itauweka wapi? Kila mmoja ajitunze mwenyewe, kama tulivyozoea."

Wengi waliguna kumuunga mkono, maana Kifaru alikuwa na kichwa kigumu lakini hakuwa mwongo.

Fisi aliposikia hayo, macho yalimng'aa. Siku ile ile akaanza kuzunguka mbugani.

"Shikamoo, mzee," alimwambia Nyati. "Umesikia? Ndege wako watachukuliwa, na hawatarudishwa."

"Pole, mama," alimwambia Twiga. "Hiyo foleni itafika mpaka milimani. Utazeeka umesimama."

Kwa wazee alikuwa na maneno mengine, na hayo aliyasema kwa kunong'ona. "Kuna kamati ya siri. Itakagua meno. Mwenye meno yaliyochakaa hatapewa ndege, ataachwa afe."

Kobe, ambaye maishani mwake hakuwahi kuwa na jino hata moja, aliingiza kichwa ndani ya gamba akakaa humo siku mbili.

Hata Ngiri, ambaye binti yake alikuwa amelala hoi kwa homa, aliogopa. "Afadhali homa, nimeizoea," alimwambia Sungura. "Hiyo kamati siijui."

"Nani alikwambia kuna kamati?"

"Fisi. Anatuhurumia sana, ndugu yangu. Kila siku anapita kumjulia hali mtoto."

Sungura akatikisa masikio. Wakati huo huo Fisi alikuwa akipita, akiimba. Mbuga nzima ilikuwa imebaki mbavu tupu, lakini tumbo la Fisi lilikuwa limejaa kama ngoma. Sungura alilitazama tumbo lile kwa muda mrefu, kisha akaenda mbio kwa Simba, akamnong'oneza.

Asubuhi iliyofuata baraza lilikutana tena.

"Nimewasikia," alisema Simba. "Mpango wa ndege nimeufuta."

Shangwe zikapanda. Fisi alicheka mpaka akagaagaa chini. "Uhuru!" alipiga kelele. "Mgongo wangu, mali yangu!"

"Limebaki jambo dogo tu," alisema Sungura. "Kwa kuwa homa inaenea, kila atakayekufa atazikwa siku hiyo hiyo. Mhanga, yule mchimba mashimo, atachimba kaburi refu, na Tembo ataweka mawe juu."

Fisi akaacha kucheka. "Atazikwa nani?"

"Wote."

"Hata walionona?"

"Hata walionona."

"Huo ni unyang'anyi!" Fisi aliruka juu, mate yakimtoka. "Mtapoteza nyama yote hiyo? Yule binti wa Ngiri peke yake nimemngoja siku nne!"

Binti wa Ngiri, ambaye alikuwa amesimama kwa shida, ameegemea ubavu wa mama yake, aligeuka akamtazama.

Kifaru alitoka mahali pake, taratibu, mpaka pua yake ikakaribia kugusa ya Fisi.

"Ile kamati ya meno," alisema. "Uliisikia kwa nani?"

"Watu wanasema, mzee."

"Watu gani?"

Fisi alitazama kulia, akatazama kushoto, hakuona hata mmoja wa kumtaja. Akatimua mbio. Kifaru akamfuata, vumbi likatanda, na mlio wa Fisi ulisikika mpaka ng'ambo ya mto. Tangu siku hiyo anaishi huko na mijusi, na mijusi nao hawamsikilizi.

Kifaru alirudi akihema. Akamkabili Simba.

"Mtukufu, bado sitaki mkono wako mgongoni kwangu. Hilo halijabadilika. Lakini nilisema kila mmoja ajitunze, kumbe Fisi alikuwa ananishangilia kwa sababu ya chakula chake. Nimeona aibu. Ndege wangu nitawaleta mwenyewe, kwa miguu yangu, na jioni nitarudi nao."

Simba alifumbua kinywa ili amkumbushe nani ni mfalme. Sungura akamkanyaga mkia.

"Nimekubali," alisema Simba.

Nyati na Twiga walitazamana, wakasogea mbele bila kuitwa. Lakini Kifaru hakuwangoja. Alipiga magoti vumbini mbele ya Ngiri na binti yake, kichwa kikagusa ardhi. Ndege walishuka mmoja mmoja, wakarukia shingo ya mgonjwa, wakaingiza midomo masikioni mwake.

Binti wa Ngiri akajikunyata, akafumba macho, kisha, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akacheka.

"Wananitekenya," alisema.

"Tulia," alisema Kifaru. "Waache wafanye kazi."