Moshi wa Nyumba ya Eliamani

Moshi hautaji jina la mwenye nyumba. Mmeisikia kauli hiyo leo asubuhi, mtendaji wa kijiji akimwambia yule mama aliyesimama mlangoni pa ofisi bila kuingia, nanyi mmerudi hapa kwenye tangawizi mnaulizana moshi umeingiaje katika mambo ya ofisini. Endeleeni kumenya, nitawaeleza. Maneno hayo yalizaliwa milimani kwetu huku Upare, na chanzo chake ni mtu aliyeitwa Eliamani Mgonja.

Eliamani ndiye aliyekuwa akigawa maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba. Kila mwenye shamba alipata zamu yake kupitia kwake, na hakuna aliyewahi kumtuhumu kwa upendeleo. Siku za msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, alikuwa wa kwanza kufika na jembe, na wa mwisho kuondoka. Mtu akifiwa, Eliamani alifika na kuni begani. Kwa hiyo alizoea kuwa upande wa anayetoa. Upande wa pili hakuujua.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kirefu na chakula kilikuwa haba. Siku moja karibu watu wote wazima walikuwa kwenye mfereji wakizibua matope. Nyumbani kwa Eliamani alibaki mkewe Nakundwa, mama yake mzazi ambaye macho yalikuwa yamefifia, na binti yao Namsifu, aliyekuwa bado hajaanza shule. Nakundwa alikuwa amebandika makande jikoni. Upepo ukapeperusha cheche, ikashika nyasi za paa. Alimtoa bibi kwanza kwa kumvuta mkono, akarudi kumchukua mtoto, na alipotaka kurudi mara ya tatu paa likashuka.

Watu walikimbia kutoka mferejini, lakini walikuta kuta tu. Mahindi na maharage yaliyokuwa darini yaliteketea. Mbegu, nguo, vitanda, vyote vilikwenda. Moshi ulipanda mweusi, mnene, ukasimama juu ya mlima. Waliokuwa bondeni siku hiyo walisema waliuona kutoka barabara kuu.

Majirani walileta walichoweza: huyu chungu, yule blanketi, mwingine mahindi ya kula siku mbili tatu. Zaidi ya hapo hawakuwa nacho, maana njaa ilikuwa ya wote. Eliamani aliwatoa mbuzi bandani, akafagia, akatandika majani makavu ya migomba, familia ikahamia humo.

Balozi wa nyumba kumi, Mzee Sekiete, alimfuata akamwambia kwamba wilayani kuna fedha za maafa, zimewekwa kwa ajili ya watu waliopatwa kama yeye, na kwamba yeye yuko tayari kumwandikia utambulisho ashuke nao. Eliamani alimshukuru, akasema hakuna haja. Moshi ule serikali nayo ilikuwa imeuona, na kama wana msaada wangeupandisha mlimani. Mtu mzima, alisema, habebi msiba wake kichwani kama mzigo wa ndizi akautembeza sokoni.

Basi akangoja. Gari lolote likisikika likikwea kona za chini, alisimama, akajikung'uta vumbi, akatazama njiani. Moja lilikuwa la misheni, jingine la mnunuzi wa kahawa. Hakuna lililosimama kwake. Kidogo kidogo alianza kuona uchungu moyoni, akawa anasema kwamba serikali inawajua watu wakati wa kodi tu.

Mvua za vuli zikaanza. Banda la mbuzi halikujengwa kwa ajili ya watu; maji yaliingia kwa juu na kwa chini. Namsifu akaanza kukohoa, kisha homa, kisha akawa anavuta pumzi kwa shida, mbavu zikionekana. Muuguzi wa zahanati alimchoma sindano, akampa dawa, lakini akamwambia Nakundwa wazi kwamba mtoto akiendelea kulala mahali pale dawa haitafua dafu.

Jioni hiyo Nakundwa alimlaza mtoto mapajani mwa bibi yake, akaja kukaa karibu na mumewe.

"Baba Namsifu," alisema, "mtu asipokuja kukwambia shamba lake limekauka, wewe humpa zamu ya maji?"

Eliamani alisema hapana, atajuaje.

"Na shamba lake si linaonekana kutoka njiani?"

Mama yake Eliamani alisema tu kutoka kule gizani, "Mwanangu, mtoto anakohoa."

Kulipokucha alikwenda kwa Mzee Sekiete kuchukua utambulisho, akateremka kwa miguu mpaka barabarani, akapata lori la vitunguu lililomfikisha makao ya wilaya.

Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alipofika ofisini maneno yakamkimbia. Karani alimwuliza shida yake, naye akasikia mdomo wake ukisema kwamba amepita tu kusalimia. Karani akamwonyesha benchi. Akakaa. Watu waliingia na kutoka, wengi wao watu wa bondeni ambao mto ulikuwa umewabomolea nyumba. Aliwasikia wakisema mmoja mmoja: mimi fulani, natoka mahali fulani, nimepoteza hiki na hiki. Walisema bila kulia na bila kuinamisha kichwa. Eliamani aliwatazama, akashangaa kuona kuwa hakuna hata mmoja aliyepungua urefu kwa kusema.

Ofisi ikakaribia kufungwa. Afisa wa maafa, kijana mmoja aliyeitwa Likonde, mtu wa kusini, alitoka na funguo mkononi akamkuta bado yupo.

"Shikamoo mzee. Umehudumiwa?"

"Marahaba. Mimi..." Eliamani akautoa ule utambulisho. "Mimi ni Eliamani Mgonja, wa kule mlimani. Nyumba yangu iliungua. Mtoto wangu anaumwa, tunalala bandani."

Likonde akaketi naye benchini, akamwuliza iliungua lini. Alipoambiwa ni kabla ya mvua, akashangaa.

"Siku zote hizo, mzee wangu! Mbona hukuja?"

"Niliwangoja. Moshi ulionekana mpaka huku chini."

"Ni kweli, niliuona," alisema kijana. "Nilikuwa nimesimama pale uani. Lakini majira yale mlima mzima ulikuwa unafuka, watu wanachoma mashamba wangojee mvua. Nikasema, Wapare wanajiandaa kulima, nikarudi ndani. Moshi hautaji jina la mwenye nyumba, mzee."

Kisha akafungua tena mlango. Akamweleza kwamba fungu la dharura lilikuwa limepungua kwa sababu ya mafuriko, lakini lilikuwa bado halijaisha. Alimpa hapo hapo fedha za chakula, mablanketi na matibabu. Zile za kuezekea zingefuata baada ya yeye mwenyewe kupanda kuona. Eliamani alipozipokea zile za mwanzo akaanza kusema kwamba hakuzoea kula sadaka. Likonde akamkatiza kwa adabu.

"Hii si sadaka. Ni kodi yako na ya wenzako, imewekwa kwa siku kama hii."

Eliamani alirudi siku ya pili na mablanketi mgongoni. Alimpeleka Namsifu hospitali ya misheni, akalazwa, akapona, ingawa kila majira ya baridi kifua kilimsumbua mpaka ukubwani. Likonde alipanda kweli, kwa miguu, maana gari lilikwama kwenye tope. Nyumba iliyojengwa ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza, chumba kimoja na sebule, lakini ilikuwa ya bati na haikuvuja.

Kwenye mkutano wa kijiji Eliamani alisimama akasimulia mambo yote, hata lile la kusema amekwenda kusalimia. Watu walicheka, naye akacheka. Maneno ya yule kijana ndiyo yaliyobaki vinywani mwa watu.

Miaka kadhaa baadaye, Likonde akiwa amekwisha kuhamishwa, mvua ilibomoa nyumba ya mzee mmoja mjane aliyeitwa Mashambo, mtu mkimya asiyependa kusumbua watu. Eliamani alimshika mkono wakashuka wote mpaka wilayani. Mlangoni Mashambo akasimama, akasema turudi, mwenzangu, bila shaka wamekwisha kusikia.

Eliamani hakumvuta. Alimwambia tu, "Moshi hautaji jina la mwenye nyumba."

Mzee Mashambo akavua kofia, akaingia, akataja jina lake.