Tanuri la Dada Wawili

Ndugu zangu, walikuwako dada wawili, mtu na mdogo wake, wabanika samaki. Tanuri lao moja, kuni zilezile, moshi uleule machoni tangu usichana wao. Basi mkubwa akaanza kukohoa damu, na hospitali wakamwambia ni saratani ya mapafu. Na mdogo je? Mzima wa afya, hata mafua hana.

Mkubwa akakosa raha kwa swali moja: kwa nini mimi, yeye asiwe? Ninyi mngemjibuje? Najua mngemjibuje, maana mitaani kwetu jibu hilo huwa tayari kabla mgonjwa hajafika hospitali. Akasimama sokoni mbele za watu, akamwita mdogo wake mchawi, akamfukuza tanurini.

Daktari alijitahidi. "Mama, moshi humdhuru kila anayeuvuta. Lakini mwilini mna kitu kama fundi, kazi yake kutengeneza kinachoharibika. Mdogo wako alikubali kupimwa damu, fundi wake ni hodari. Wako ni dhaifu, umezaliwa naye. Huenda binti yako amerithi. Mlete tumpime, na kwanza mtoe kwenye moshi."

Maneno hayo yalimuuma kuliko saratani yenyewe. Akiyakubali, basi mdogo wake hana kosa, na yeye amemchafua bure mbele ya soko zima. Atauweka wapi uso?

"Damu yangu haina kasoro," akasema. "Nimerogwa."

Akarudi nyumbani, akamkabidhi binti yake tanuri, na kumwapia: "Ukiliacha umemfuata mchawi, na mimi si mama yako tena."

Ugonjwa ukamlaza. Kitandani kiburi kikamwishia, akabaki na hofu tupu. Akamwita binti yake. "Mwanangu, nilikosea. Achana na moshi, nenda ukapimwe."

Binti akakohoa kwanza, kikohozi kirefu ambacho mama yake alikijua vizuri mno.

"Nilishapimwa, mama. Mama mdogo alinipeleka wiki ileile uliyomfukuza. Mimi ni kama wewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema kaniroga na mimi. Na ulikuwa umeshaapa."

Natamani niwaambie kwamba binti alipona. Hakupona. Yule mdogo mtu, aliyetukanwa sokoni, ndiye aliyewauguza na kuwazika wote wawili, mama kwanza, kisha mtoto. Na siku ya maziko ya pili, alipokuwa akilia pembeni ya kaburi peke yake, watu walisogea mbali naye wakanong'onezana: "Si mnaona? Sasa kawamaliza."

Mnatikisa vichwa. Mnawahurumia. Lakini niulize, ndugu zangu, hao walionong'ona walikuwa akina nani? Nani huwa anakuja msibani akiwa na jina la mchawi mdomoni kabla hajatoa pole? Nani anaona afadhali kumpoteza mtoto kuliko kusema mbele za watu, nilikosea? Msitazamane. Ni sisi, sisi tulioketi humu, na tukitoka hapo nje baada ya sala tutaanza tena.