Jina Moja Juu ya Mlango

Sogeleaneni, na aliyekalia benchi peke yake ampishe mwenzake, maana kisa hiki ni cha watoto waliokosa pa kukaa.

Katika shule moja ya bondeni palikuwa na watu watatu. Mwalimu Tumpe alijaliwa kumbukumbu: jina akilisikia mara moja, halimtoki. Fundi Ambokile, seremala, alijaliwa jicho: alipima chumba kwa kukitazama tu. Bi Subilaga, mpishi wa uji, alijaliwa ulimi; hata mwenye hasira alimsikiliza mpaka mwisho.

Tumpe alifundisha darasa la pili peke yake, watoto mia moja ishirini na wanane. Shule ya mlimani, darasa kama hilo lilikuwa na watoto kumi na tisa na walimu wawili. Tumpe alikuwa amechoka. Alikwenda kwenye kikao cha wilaya pamoja na wenzake hao wawili, barua ya kuacha kazi ikiwa mkobani.

Afisa Elimu akafungua jalada. "Wastani wetu ni watoto arobaini na watano kwa mwalimu. Tatizo liko wapi?"

"Huyo Wastani sijamwona darasani kwangu, Bwana Afisa," akajibu Tumpe. "Niliokuja nao wako nje."

Akasimama mlangoni, bila daftari, akaanza kuita. "Atupele! Lugano! Neema!" Kila aliyeitwa aliingia na shikamoo yake. Alipofika wa themanini, wajumbe walikuwa wamesimama ukutani. Alipofika wa mwisho, Afisa alilifunga jalada mwenyewe.

"Basi wabananisheni," mjumbe mmoja akasema. "Darasa si mnalo?"

Fundi Ambokile akatoa chaki. Akachora sakafuni darasa lao, ukubwa ule ule, na madawati yake yote. "Haya wanangu, kaeni kama kila siku." Wakakaa watano watano, na thelathini na watatu wakabaki nje ya mstari.

"Na hawa?" mjumbe akauliza.

"Hao husomea dirishani," akasema fundi.

Chumba kipya kikapitishwa pale pale.

Lakini mwalimu wa kukiingia alikuwa mmoja wa wale wawili wa mlimani, na wazazi wa mlimani waliokuwapo kikaoni walishanuna. Bi Subilaga hakuwakaripia.

"Wazazi wenzangu, kumi na tisa wenu mwalimu mmoja anawatosha, atawajua mpaka vicheko vyao. Mimi nikigawa uji naanza na waliokaa nyuma, maana wa mbele siwasahau. Hawa wangu wamekaa nyuma siku nyingi."

Mama mmoja wa mlimani akafuta macho. "Mchukueni Mwalimu Gwamaka," akasema, na mikono ya wenzake ikainuka.

Weee! Vigelegele vilivyopigwa siku ile! Tumpe akaichana barua yake vipande vipande, watoto wakavirusha juu.

Chumba kilipokwisha, ilibaki rangi ya kuandika jina moja tu juu ya mlango. Afisa akampa Tumpe brashi.

"Andika lako, Mwalimu," akasema fundi. "Bila majina yale wasingetuamini."

"Na bila chaki yako wangesema tubanane," akajibu Tumpe.

Bi Subilaga akacheka. "Nanyi bila mimi mngekuwa na chumba cha kufugia popo!"

Kusema kweli, Tumpe alilitaka sana jina lake pale juu. Miaka kumi na mmoja ya kufundisha si mchezo. Akapanda ngazi, akachovya brashi, akaiinua, na watoto mia moja ishirini na wanane wakainua nyuso kumtazama.

Rangi ndiyo hiyo inadondoka, jamani. Je, ungekuwa wewe juu ya ngazi ile, ungeandika jina la nani?