Tiketi ya Kwenda Tu

Mtu mmoja alikuwa na mama mgonjwa. Mtu huyo jina lake Elinaza, mtu wa milimani, mtunzaji, asiyependa kitu kipotee bure. Daktari wa kwao alimwambia ugonjwa ni mzito, ampeleke hospitali kubwa ya mji mkuu. Hakusema zaidi ya hapo. Lakini Elinaza alitoka pale amekwishakata tamaa, wala hakumwambia mama yake neno.

Wakasafiri kwa ndege. Kule uwanja wa ndege uko mbali na mji, na kuna treni inayopeleka watu hadi katikati. Elinaza akaenda dirishani kukata tiketi. Karani akamuuliza, za kwenda tu au za kwenda na kurudi? Maana tiketi ya kwenda na kurudi hutumika mwezi mzima. Elinaza akageuka akamtazama mama yake, ameketi juu ya begi, amejitanda kanga, mabega yamebaki mifupa. Akajisemea moyoni, ya nini kupoteza? Yake akakata ya kwenda na kurudi. Ya mama akakata ya kwenda tu. Jamani! Wala hakumchukia mama yake, asilani. Alimpenda. Ndivyo tulivyo sisi, tunaowapenda ndio tunaowalilia kabla ya msiba.

Ndani ya treni mama alichangamka. Akaeleza habari za tangawizi yake shambani, kwamba akirudi ataikuta imekomaa, asitokee mtu akaichimba. Akasema jiko linavuja, akirudi ataliezeka upya. Kila neno lilikuwa akirudi, akirudi. Elinaza aliitikia tu huku akitazama nje.

Wakafika. Stesheni ile ina vilango, na kila abiria hutumbukiza tiketi yake ndipo kilango kifunguke. Elinaza akatangulia. Mashine ikaipokea tiketi yake, ikaitoa upande wa pili, akaitia mfukoni. Mama akafuata, akafanya vilevile alivyomwona mwanawe akifanya. Kilango kikafunguka. Akakinga mkono, akangoja. Haikutoka kitu. Watu nyuma yake wakaanza kunung'unika, naye bado amekinga mkono. Mlinzi akamweleza kwa upole kwamba ya kwenda tu haitoki, hiyo imekwisha kazi yake. Inayotoka ni ya mtu atakayerudi.

Mama akamtazama mwanawe. Akasema, "Elinaza baba, kumbe umeshanizika."

 Elinaza akataka kukimbia dirishani akamkatie nyingine, mama akamshika mkono, wakaenda zao. Hospitalini dawa zilianza kushika, madaktari wenyewe walisema hivyo. Lakini mama hakutaja tena tangawizi wala jiko. Alikataa uji. Alilala ameuelekezea ukuta uso wake. Daktari mmoja akauliza, huyu mama hana watu wanaomngoja nyumbani? Mwezi haukuisha, akafa. Elinaza akalia kilio kibaya, wodi nzima wakainamisha vichwa.

Ugonjwa ulikuwa mzito, sikatai. Pengine angekufa tu, Mungu ndiye ajuaye. Lakini angekufa akiwa bado ana nyumbani. Hilo ndilo Elinaza alilomnyang'anya, na hakuna dirisha la kulirudishia.

Na yule wa kwenu aliyelala chumba cha ndani, anayewasikia mkinong'ona sebuleni: mmemwacha aishi siku zake, au mmekwishakaa matanga naye bado anapumua?