Kuku Namba Kumi na Saba

Nani kati yenu amewahi kukaa mbele ya kuku mmoja siku kumi na moja bila kumchinja wala kumtafutia mteja? Nyoosheni mikono. Namwona mama mmoja kule kwaya amenyoosha, halafu ameshusha. Asante mama, hiyo honesty tutaihitaji baadaye.

Mchungaji amesema kwa kuwa leo ni Jumapili ya vijana, na mimi nina digrii mbili na muda wa kutosha, niwaambie wadogo zetu wanaotaka kusoma mpaka uzamivu, hiyo PhD, wanahitaji kuwa na nini. Mnadhani ni akili. Akili tunazo jamani, kitaa kimejaa akili. Ngoja niwape mfano.

Kulikuwa na dada mmoja aliyekuwa akisoma uzamivu wa mifugo. Utafiti wake ulikuwa chakula cha kuku kilichotengenezwa kwa funza waliokaushwa. Msikunje sura, yai mlilokula asubuhi hamkuliuliza mama yake alikula nini. Dada huyu alikuwa na kuku arobaini, kila mmoja na pete ya namba mguuni. Nusu walikaa banda la chakula cha kawaida, nusu banda la funza. Kila siku alfajiri anawapima mmoja mmoja na kuandika. Na kuku hapendi kupimwa. Mikono ya dada ilikuwa na mikwaruzo kama mtu anayelala na paka sita.

Ukafika mwaka wa nne. Ufadhili wake unakwisha Juni, na baada ya Juni hakuna kuku, hakuna chuo, ni kurudi nyumbani na kurasa ambazo hazijaisha. Mama yake alikuwa ameshona gauni la mahafali mara mbili, kwa sababu la kwanza lilikwisha kumbana. Matokeo yalikuwa matamu: kuku wa funza wananenepa, mstari kwenye grafu unapanda vizuri. Isipokuwa kuku namba kumi na saba. Huyu yuko banda la funza, chakula kipo, na anakonda mpaka kifua kimekuwa kama wembe.

Mwenzake wa maabara akaitazama ile grafu, akacheka. "Sasa hiki kinukta huku chini kinafanya nini peke yake?"

"Ni kumi na saba."

"Mtoe. Andika alikufa, kuku si hufa? Just delete, Juni unavaa joho. Nani atakuja kumtafuta kuku?"

"Lakini hajafa. Yuko pale nje ananitazama."

"Basi mchinje, iwe kweli. Mimi nakuja na limau."

Mnacheka, lakini semeni ukweli wa Mungu, ingekuwa wewe na gauni la mama limeshashonwa mara mbili? Mimi ningekuja na chumvi.

Dada akaenda kwa msimamizi wake. "Profesa, shikamoo. Nina kuku mmoja ambaye simwelewi."

Profesa hakuinua macho. "Thelathini na tisa unawaelewa. Andika hao."

"Na huyo mmoja?"

"Ukimfuata huyo mmoja utaikosa Juni."

"Basi nitaikosa, profesa."

Hapo ndipo profesa akainua macho.

Wadogo zangu, shikeni hapa. Huyu dada hakuwa kichwa cha darasa lake. Takwimu alikuwa akizirudia mara tatu ndiyo ziingie. Ila aliweza kusema "simwelewi" mbele ya mtu anayempa alama. Jaribuni muone ilivyo ngumu. Wewe umemaliza kipaimara huku kuna mambo hukuyaelewa hata kidogo, na ulikuwa unatikisa kichwa tu.

Basi akachukua kigoda, akaketi bandani. Siku ya kwanza hakuona kitu. Siku ya pili aliona viroboto. Mhudumu wa banda akapita na ndoo yake, akasimama. "Dada, unamsoma yeye au yeye ndiye anakusoma?" Siku ya tano mama akapiga simu.

"Umeshamaliza kuandika, mwanangu?"

"Bado mama. Niko na kuku."

"Sasa mimi watu niwaambie nini?"

"Waambie niko na kuku."

Siku ya kumi na moja akaliona jambo ambalo kila alfajiri alikuwa akilipita kwa haraka ya mizani. Chombo cha chakula kilikuwa kimoja. Kuku watatu wakubwa walikizunguka. Wenzao walipenya hivyo hivyo kwa kusukumana, lakini kila kumi na saba alipoingiza kichwa alidonolewa utosini, anarudi kona kuokota changarawe. Dada akasubiri wale watatu washibe waondoke. Wakashiba. Hawakuondoka. They just stood there, hawali tena, wamesimama tu.

Kuku hakuwa mgonjwa. Chakula hakikuwa kibaya. Akaweka chombo cha pili kwenye ile kona, akaanza kupima kuku wote upya, toka mwanzo. Juni ikaja ikapita. Ufadhili ukakatika, akawa anafundisha tuisheni watoto wa kidato cha pili jioni, alfajiri yuko kwenye mizani, na profesa akamwombea banda miezi minane zaidi. Kumi na saba akanenepa, akaanza na maringo.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini wa nje, mzee mmoja mkavu asiyetabasamu, akafungua ukurasa wa mia mbili na nne, penye ile grafu ya kwanza. "Huyu kuku anakuharibia grafu nzuri. Kwa nini hukumtoa?"

"Kwa sababu alikuwepo."

Mzee akavua miwani. "Nimesoma kurasa zote hizi nikitafuta mahali pa kukuamini. Ni hapa."

Dada akafaulu. Mama akashona gauni la tatu.

Sasa mnapiga makofi. Subirini kwanza. Subira, ukweli, kukubali kwamba hujui, wadogo zangu andikeni hayo, ndiyo yatakayowafikisha. Lakini juzi nimeisoma taarifa ya mwaka ya usharika wetu, ipo mezani pale mlangoni. Ukurasa wa sita unasema, "Vijana wetu kumi na wawili waliohitimu vyuo wanaendelea vizuri na kazi." Amina. Ila sisi wahitimu wa usharika huu tuko ishirini na sita, nimetuhesabu kwa majina, si nimesema muda ninao? Hao kumi na wanne wako wapi? Wamekufa? Tuko benchi la nyuma, tumepiga pasi, tumewaitikia "Amina" yenu. Tumetolewa tu, maana tunaharibu grafu.

Na sisi sote tunafanya hivyo. Mtoto akikwama shuleni, ukooni hatajwi tena. Kijana akikonda tunasema mvivu huyo, haombi huyo. Ni nani kati yetu alishakaa kwenye kigoda akatazama nani amesimama kwenye chombo, ameshiba, na bado hasogei?

Wazee wangu wa kamati ya elimu, shikamooni. Mko safu ya kwanza nami nawaona vizuri kabisa. With all due respect, taarifa hiyo inakwenda jimboni Ijumaa. Msiipeleke hivyo. Njooni benchi la nyuma mketi nasi siku kumi na moja, vigoda tutaleta wenyewe. Lakini hilo la namba haliwezi kungoja hata siku moja. Andikeni wahitimu tuko ishirini na sita, kumi na wawili wana kazi, kumi na wanne hatuna, leo, kabla ya sadaka. Kalamu hii hapa.